Pazia la Iroquois na Maji ya Kinjeketile

Uhakiki wetu wa tamthilia una upofu fulani unaonikera. Tunachambua wahusika, maudhui, lugha, mtiririko wa matukio, na tukipata nafasi tunagusia hata maleba. Pazia tunalipita tu. Likifunguka, mchezo umeanza. Likifungwa, tunatafuta matatu ya kurudi nyumbani. Katika mashairi na riwaya pazia limegeuka tamathali iliyochoka: pazia la siri, pazia la maisha, yanayotendeka nyuma ya pazia. Lakini pazia lenyewe, hizo mita nyingi za kitambaa zinazoning'inia karibu na taa zenye joto, hakuna anayelisoma. Kwani limeshonwa kwa pamba au kwa poliesta? Limetiwa dawa ya kuzuia moto? Lini? Na nani amelijaribu?

Mtu ataniambia hayo ni maswali ya fundi na ya watu wa zimamoto, si ya mhakiki. Sikubali. Nitaeleza kwa nini kwa kusoma matini mbili zilizozaliwa mbali kabisa. Ya kwanza ni tangazo la ukumbi mmoja wa Chicago, mwaka 1903. Ya pili ni Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, inayohusu vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Kati ya moto wa Chicago na risasi za kusini mwa Tanganyika pana miaka miwili tu. Matini zote mbili zinahusu neno, neno linalomwambia binadamu kwamba hatadhurika.

Neno kwenye tangazo

Iroquois Theatre ilifunguliwa tarehe 23 Novemba 1903. Lilikuwa jumba la kifahari, na matangazo yake yalilisifu kuwa haliwezi kabisa kushika moto. Wiki tano baadaye, alasiri ya tarehe 30 Desemba, shule zikiwa zimefungwa, akina mama waliwaleta watoto wao kutazama Mr. Bluebeard, mchezo wa nyimbo na vichekesho uliokuwa na mchekeshaji maarufu Eddie Foy. Viti vilikuwa kama 1,600. Watu waliofurika ndani walizidi 2,000, wengine wakisimama nyuma, wengine wakikaa kwenye njia za kupitia.

Katika kitendo cha pili, taa kali ya umeme iliyokuwa ikiwamulika waimbaji ilitoa cheche, na cheche ikashika pazia la melimeli kando ya jukwaa. Mlinzi wa moto alikuwa na mikebe ya unga wa aina ya magadi, ambao hurushwa kwa mkono. Lakini moto ulikuwa tayari umepanda kupita urefu wa mkono wake. Huko juu, mahali ambapo mtazamaji haoni, zilining'inia turubai za mandhari zilizopakwa rangi ya mafuta. Mtu yeyote aliyewahi kuona nyasi kavu zikishika moto Januari anajua kilichofuata.

Foy alisimama jukwaani akiwasihi watu watulie na akiwaambia wanamuziki waendelee kupiga. Ikaja zamu ya pazia la usalama, lile pazia la asbesto lililopaswa kushuka na kutenganisha jukwaa na watazamaji. Likaanza kushuka, likakwama njiani. Waigizaji walipofungua mlango mkubwa wa nyuma ili wakimbie, hewa baridi ya Desemba iliingia kwa nguvu. Matundu ya paa juu ya jukwaa, ambayo yangetoa moshi na moto nje, yalikuwa yamefungwa. Basi moto ukabaki na njia moja tu: chini ya pazia lililokwama, moja kwa moja hadi walipokaa watu.

Waliokuwa chini walikuwa na nafasi ya kujaribu. Waliokuwa juu kwenye roshani, penye tiketi za bei nafuu, walikuta mageti ya ngazi yamefungwa. Yalikuwa yamefungwa ili mtu wa tiketi ya bei ya chini asije akashuka na kukalia kiti cha bei ya juu. Milango mingine ya kutokea ilifichwa nyuma ya mapazia ya urembo. Mingine ilikuwa na makomeo ya kigeni ambayo watu hawakujua kuyafungua, na mingine ilifunguka kwa ndani, kwa hivyo umati uliposukuma, ulijifungia wenyewe. Walikufa watu wasiopungua 602, wengi wao wanawake na watoto.

Kipande cha lile pazia kilipochunguzwa baadaye, ilionekana kuwa asbesto yake ilichanganywa na nyuzi za mbao. Kumbe hata kama lingeshuka hadi chini, lisingevumilia moto ule. Kesi zilifunguliwa, lakini mwishowe hakuna aliyefungwa kwa vifo hivyo.

Sasa turudi kwa tangazo, maana ndilo tunalolisoma. Ni rahisi kusema tangazo lilidanganya. Mimi naona jambo baya zaidi ya uongo. Jengo lenyewe halikuanguka. Kuta zilibaki, na kabla mwaka haujaisha lilikuwa limetengenezwa na kufunguliwa tena kwa jina jingine. Kwa hiyo tangazo lilisema kweli kuhusu kuta, likanyamaza kuhusu kitambaa, viti, mbao na nywele za watoto. Neno "haishiki moto" lilikuwa na mtendwa asiyetajwa. Nini hakishiki moto? Mwenye jengo alimaanisha mali yake. Mama aliyenunua tiketi alisikia mtoto wake. Kuziona nafasi kama hizo ndani ya sentensi ni kazi ya mhakiki, na mtu wa zimamoto hakuajiriwa kwa ajili hiyo.

Dawa inayoyeyuka

Pengine utasema watu wa 1903 hawakujua. Walijua. Mwaka 1735 Mwingereza aitwaye Obadiah Wyld alipewa hataza ya mchanganyiko wa kuzuia nguo na karatasi zisishike moto. Ndani yake mlikuwa na shabu na boraksi. Mwaka 1821 mwanakemia Mfaransa Gay-Lussac, akiwa ametumwa na Mfalme Louis wa kumi na nane atafute namna ya kulinda vitambaa vya kumbi za michezo, alionyesha kwamba chumvi za amonia, hasa fosfeti yake, na boraksi zinaweza kuzuia kitani na katani zisiwake. Yaani miaka 82 kabla ya Chicago, elimu ilikuwa mezani.

Namna dawa hizi zinavyofanya kazi si muujiza. Pamba ikipata joto huvunjika na kutoa gesi, na hiyo gesi ndiyo inayowaka. Chumvi ya fosfeti hubadilisha mvunjiko huo: pamba hutoa maji zaidi na kugeuka makaa meusi, badala ya kutoa gesi inayowaka. Boraksi huyeyuka kwa joto na kufunika nyuzi kama kioo chembamba. Kitambaa kilichotiwa dawa vizuri bado kitaungua ukikishikia moto, lakini ukiuondoa moto, mwali unakufa wenyewe. Tofauti ni hiyo tu, na inatosha kuwapa watu muda wa kuifikia milango.

Lakini dawa hiyo ya chumvi ina adui mmoja: maji. Ukilifua pazia, umeifua na dawa. Hata bila kufua, unyevu wa hewa huivuta na vumbi huifunika. Ukumbi wa Mombasa hauna hali ya hewa ya ukumbi wa Nakuru. Ndiyo maana pazia la pamba lililotiwa dawa linafaa kujaribiwa kila baada ya muda na kutiwa dawa upya. Siku hizi kuna poliesta ambayo kinga yake imo ndani ya uzi wenyewe, haitoki kwa sabuni. Lakini poliesta ya kawaida, ile inayouzwa kwa mita dukani kwa ajili ya madirisha ya nyumbani, huyeyuka na inaweza kudondosha matone yanayowaka. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Zote mbili zinang'aa vizuri chini ya taa.

Kwa hiyo "limetiwa dawa" ni neno lenye tarehe ya mwisho. Lilikuwa kweli siku fulani. Kama hakuna anayekata ukanda mdogo kutoka kwenye pindo na kuujaribu kwa moto nje ya ukumbi, neno hilo linaendelea kutamkwa muda mrefu baada ya ukweli wake kufuliwa.

Maji ambayo hayakujaribiwa

Hapo ndipo Ebrahim Hussein ananijia akilini. Katika tamthilia yake, Kinjeketile anatoka mtoni Rufiji akiwa na maji ya kuwakinga watu dhidi ya bunduki za Wajerumani. Maji hayo yanafanya kazi moja kubwa hata kabla ya vita: yanawaunganisha watu wa makabila yaliyokuwa yakidharauliana. Kisha Kinjeketile mwenyewe anaanza kuwa na shaka. Anatambua kwamba ndani ya ujumbe aliopewa mna ahadi ya kuwa watoto wa Seyyid Said, maana yake kutoka kwa bwana mmoja na kuingia kwa mwingine. Anataka watu wasubiri, lakini neno halimtii tena. Watu wanakwenda vitani.

Uhakiki wa shuleni hupenda kuisoma tamthilia hii kama swali la uongozi: Kinjeketile ni shujaa au la? Mimi nadhani swali lake kali zaidi ni la ulinzi. Nani ana haki ya kumwambia mwenzake, "Nenda, hutadhurika"? Na akishamwambia, anadaiwa nini?

Wacha niwe mwangalifu hapa, kwa sababu mlinganisho wa haraka utamwonea Kinjeketile. Wakoloni waliyaita maji yale ushirikina, na vitabu vingi vikawafuata. Lakini katika muongo uleule, katika mji wenye umeme, magazeti na maghorofa, watu zaidi ya 2,000 walikaa chini ya pazia ambalo hakuna aliyewaonyesha kwamba linaweza kushuka. Walikuwa na imani ileile, ila yao ilichapishwa kwa herufi nzuri. Kama maji ni ushirikina, asbesto iliyochanganywa na nyuzi za mbao tuiite nini?

Tofauti ipo, nayo inamfaidi Kinjeketile. Neno lake, hata likiwa na kasoro, lilikuwa na kazi ya kuwainua watu waliokuwa wakilimishwa pamba kwa kiboko. Neno la Chicago lilikuwa na kazi ya kuuza tiketi. Tena Kinjeketile alipata shaka na shaka hiyo ikamtesa. Hussein ameijenga tamthilia nzima juu ya mateso hayo. Mwishoni, akiwa gerezani, anatakiwa aseme maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anajua kukana huko kutarithiwa na vizazi vitakavyofuata. Unaweza kumlaumu au kumtetea, lakini huwezi kusema hakulipia neno lake. Wenye Iroquois walirudi nyumbani kwao.

Ndiyo sababu naiona Kinjeketile kuwa kazi bora kuliko tunavyoifundisha. Inatuonyesha kwamba neno la ulinzi likishatoka mdomoni linakuwa na nguvu kuliko aliyelisema, na kwamba watu hawalipimi kwa sababu wanalihitaji. Mama wa Chicago alihitaji alasiri moja ya kicheko na watoto wake. Mtu wa Rufiji alihitaji kuacha kuogopa. Mwenye kutoa neno anapaswa kulipima zaidi pale ambapo anayelipokea hana nafasi ya kulipima.

Pazia linamlinda nani

Kuna mfano wa tatu ambao unanizuia nisilisifu pazia kupita kiasi. Tarehe 9 Mei 1911, katika Empire Palace Theatre mjini Edinburgh, mwanamazingaombwe aliyejulikana kama The Great Lafayette alikuwa akionyesha mchezo wake wenye simba. Taa ikashika mapambo ya jukwaa. Watazamaji kama 3,000 walidhani moto ule ni sehemu ya mchezo. Pazia la usalama likashuka, wanamuziki wakapiga wimbo wa taifa, watu wakasimama na kutoka. Hakuna mtazamaji aliyekufa.

Upande wa pili wa pazia walikufa watu wapatao kumi, akiwemo Lafayette mwenyewe.

Pazia lilifanya kazi yake barabara, na kazi yake ilikuwa kuugawa ukumbi. Walionunua tiketi upande huu; wafanyakazi upande ule. Chicago mgawanyo ulikuwa kinyume: waigizaji karibu wote walipata mlango wa nyuma, watazamaji wakalipia. Katika visa vyote viwili, ukitaka kujua jamii ile ilimthamini nani, usisome hotuba, soma milango. Nani alipewa mlango, nani aliwekewa geti, na geti hilo lilikuwa likilinda nini. Geti la roshani la Iroquois lililinda tofauti ya bei kati ya viti. Hiyo ni mada ya kitabaka kama zile tunazozitafuta kwa tochi ndani ya riwaya, na hapa ilikuwa imechomelewa kwa chuma.

Uingereza walijifunza desturi ninayoipenda. Pazia la usalama linatakiwa lishushwe na kupandishwa mbele ya watazamaji katika kila onyesho, kwa kawaida wakati wa mapumziko. Watu wananunua aiskrimu huku ukuta mzito ukishuka na kupanda, na hakuna anayepiga makofi. Mimi ningepiga. Ni tendo la jukwaani lenye uaminifu kuliko mengi: neno linalojaribiwa mbele ya mashahidi, kila siku. Na kutokana na msiba wa Chicago, muuzaji wa vifaa vya chuma aitwaye Carl Prinzler, ambaye alikuwa amepanga kwenda kwenye onyesho lile akashindwa, alishirikiana na Henry DuPont kuleta ile fimbo ya chuma iliyolala kwa upana wa mlango, ambayo ukiisukuma hata kwa kifua mlango unafunguka kwa nje. Ilianza kuuzwa mwaka 1908. Ukiiona ukumbini leo, jua hicho ni kipande cha uhakiki. Mtu alilisoma komeo la Iroquois vizuri akaandika jibu.

Usalama wa nani, jamani?

Tuje nyumbani. Serikali zetu zimekuwa wasomaji makini sana wa tamthilia, lakini wa upande mmoja tu. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, walijenga ukumbi wao wa wazi na kuigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mwezi Novemba kibali kikafutwa; kabla ya mwaka kwisha Ngũgĩ alikuwa kizuizini; na mwaka 1982 ukumbi ule ukabomolewa. Ukumbi ambao juu yake palikuwa na anga tupu ndio ulioonekana kuwa hatari. Mwaka 2013 mchezo wa wasichana wa Butere, Shackles of Doom, ulipigwa marufuku kwenye tamasha la kitaifa hadi mahakama ilipoingilia kati. Maneno ya wasichana yalikaguliwa mstari kwa mstari.

Nauliza tu: mapazia yalikaguliwa? Tumerithi neno "usalama" ambalo, likiwa karibu na jukwaa, linamaanisha usalama wa mkubwa asisikie jambo. Ule usalama wa mtoto aliyekaa safu ya nyuma haujapata mtetezi mwenye kelele hiyo. Na si ati hatujui moto. Machi 2001, katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, wavulana 67 walikufa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni unaotaka milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwe na vyuma. Neno zuri. Limeandikwa. Lakini Septemba 2024 tulizika tena watoto 21 waliokuwa wamelala bwenini Endarasha, Nyeri.

Michezo mingi ya shule na vijiji haichezwi kwenye kumbi zenye mashine za kushusha mapazia. Inachezwa kwenye mabwalo ya kulia, kwenye majumba ya kanisa, kwenye kumbi za kijamii. Pazia ni shuka lililounganishwa, au kitambaa cha poliesta kilichonunuliwa jana kwa pesa za mchango, na taa zimefungwa kwa waya kwenye nguzo. Nimewahi kutazama onyesho katika ukumbi mmoja ambao mlango wa pembeni ulifungwa kwa mnyororo na kufuli. Nilipouliza, bawabu alinijibu kwa upole kabisa kwamba wamefunga kwa sababu watu huingia bila kulipa. Bawabu yule hakuwa amesikia habari za Iroquois, lakini alikuwa akirudia sentensi yake neno kwa neno.

Sisemi tuache kuigiza mpaka tupate pazia la viwango. Huko ni kumpa mtawala kisingizio kipya, na anavipenda visingizio. Nasema mengi ya haya hayana gharama: kufuli litolewe kabla watu hawajaingia, pazia likae mbali na taa, njia zisiwekwe viti, mtu mmoja asimame kila mlangoni na ajue unavyofunguka, ukanda wa pazia ukajaribiwe nje na mwalimu wa kemia. Gharama ni ya kukubali kwamba ukumbi ni sehemu ya mchezo.

Na sisi tunaoandika tuwe na wajibu wetu. Tunampima mwandishi kwa ukweli wa ahadi anazompa msomaji. Basi tumpime na mwenye ukumbi. Katika tahakiki zangu zitakazokuja, baada ya aya ya wahusika na aya ya lugha, kutakuwa na aya ya milango: ilikuwa mingapi, ilifunguka upande gani, na pazia lilijaribiwa lini mara ya mwisho. Wahariri wakiikata, nitairudisha.